Lesi ya Alba na Panya wa Sakristia

Jumatatu, 9 Juni 1997

Jambo limeanza. Naandika mapema ili baadaye mtu asiseme sikuliona.

Jana baada ya misa Padri Alois katangaza kwamba Baba Askofu atakuja kigangoni kwetu hapa Katumba, siku ya Petro na Paulo, tarehe ishirini na tisa. Akina mama wakapiga vigelegele. Padri akaongeza kwamba Askofu atavaa alba yetu ya zamani, ile nguo nyeupe ndefu yenye lesi, kisha akaniangalia. Onesphore, akasema, alba iwe safi. Watu wote wakageuka kunitazama. Hapo ndipo nilipomwona Salvator anatabasamu.

Salvator ni msaidizi wa katekista. Ana sauti nzuri na viatu vinavyong'aa hata wakati wa vumbi. Mtu wa namna hiyo hatabasamu bure. Na hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama kifua changu, pale unaponing'inia ufunguo wa sakristia, chumba cha mavazi ya misa. Nauvaa kwa kamba shingoni tangu katekista mzee alipofariki. Naoga nao, nalala nao. Mke wangu Emelyne anasema hata siku ya harusi hakuniona nimeshika kitu kwa mapenzi namna ile. Aseme. Katika kijiji hiki wengine wana ng'ombe, wengine wana mashine ya kukoboa mpunga, mimi nina ufunguo. Bila huo mimi ni mkulima wa mahindi kama wengine tu.

Leo nimeitoa alba sandukuni na kuifua. Kila nikiiona moyo unalainika, sidanganyi. Lesi imezunguka pindo lote la chini, upana wa kiganja, nyeupe iliyogeuka kidogo rangi ya siagi. Ina maua, na katikati ya maua wamo ndege, mmoja anatazama kulia, mwenzake kushoto. Na vyote hivyo ni uzi na matundu tu, hakuna kitambaa nyuma. Wanasema waliifuma wasichana wa misioni ya ziwani, enzi za masista wa kwanza. Tulipofika kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, misa ya kwanza ilisomwa chini ya turubai na padri hakuwa na nguo ya kuvaa. Misioni wakatuletea hii. Mama yangu aliigusa akalia. Hatukuwa na sufuria, lakini tulikuwa na ndege hawa.

Emelyne kaomba aipige pasi yeye. Nimekataa. Leo pasi, kesho atataka ufunguo.

Jumanne, 10 Juni

Msiba.

Nilipiga pasi sakristiani, mlango nimeufunga kwa ndani kwa sababu ya Salvator. Pasi ya mkaa. Imeshika moto vizuri, mara nasikia nyayo nje. Nikaenda dirishani kuangalia nani ananichungulia. Mbuzi. Niliporudi, kaa moja lilikuwa limeruka kutoka kwenye pasi, limekaa juu ya lesi, limetulia kabisa. Nimelitoa kwa vidole. Vidole vimeungua, lakini hiyo si hoja.

Tundu ni kubwa kama kiganja changu. Ndege mmoja hayupo. Wa pili kabaki mkia. Maua yaliyokufa sikuyahesabu, roho ilikataa.

Na yule mbuzi ni wa nani? Nimeuliza. Ni wa Salvator.

Alba nimeificha chini ya mapazia ya Kwaresima. Nyumbani Emelyne kanusa shati langu, kauliza kimeungua nini. Nimemwambia hakuna kilichoungua, ila nimeona dalili za panya sakristiani, huenda wametafuna vitu. Kauliza kama panya siku hizi wanavuta sigara. Mwanamke huyu ana maswali mengi sana kwa mtu asiye na jambo.

Jumatano, 11 Juni

Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Nikimwambia Padri ukweli, atachukua ufunguo. Akiuchukua, atampa Salvator. Kwa hiyo Padri hatajua. Lesi itafumwa upya na kushonewa pale pale, na fundi atakuwa mimi, kwa sababu siri ya watu wawili si siri.

Nimeitazama lesi kwa miwani ya marehemu baba. Hii siyo kazi ya kindoano kama vitambaa ambavyo Emelyne anafumia makochi. Nimemwonyesha kipande kidogo kilichodondoka pale palipoungua, nikasema nimekiokota njiani. Kakigeuza, kakinyoosha kwenye mwanga, kasema hakuna fundo hata moja hapa, nyuzi zinapishana na kujisokota tu, kama mtu anasuka. Kasema Sista Capitoline wa Mpanda mjini aliwahi kufuma namna hii. Halafu kauliza ni njia gani hiyo inayookotwa lesi, na yeye aipitie. Nimetoka nje kuangalia mahindi.

Alhamisi, 12 Juni

Mpanda kwa baiskeli. Karani wa makazi ya wakimbizi, kabla hajanipa kibali cha kutoka, kauliza safari ya nini. Nimesema jino. Nikashika shavu mpaka nikapita kizuizi, na hata baada ya hapo nikaendelea kulishika kidogo, maana huwezi kujua nani yuko porini.

Sista Capitoline ni mzee, mgongo umepinda, macho bado makali. Nimemweleza kwamba kuna mtu, siyo mimi, wa kigango kingine, siyo chetu, anataka kujua lesi ya kale inafumwaje. Hakuuliza lolote. Kaleta mto mgumu, pini, na vijiti vilivyozungushiwa uzi. Vijiti vinakwenda jozi kwa jozi. Unavusha, unasokota, unavusha tena, halafu unachomeka pini pale tundu linapotakiwa kubaki. Vidole vyake vilikwenda kama mtu anayechambua mchele huku anapiga soga. Punde si punde pakatokea jani. Jani zima, limetoka kwenye uzi mtupu. Nilitaka kupiga makofi, nikajizuia.

Kanipa na kiolezo cha karatasi ngumu kilichotobolewa matundu ya pini, ua na ndege. Bure! Nani anatoa ujuzi wa maisha yake bure? Si bure. Na nilipokuwa natoka ndipo akaufunua mpango wao. Kasema Padri Alois amemwalika, atakuja pamoja na Askofu, na hamu yake ni kuiona lesi yetu, kwa kuwa aliyemfundisha yeye kufuma alikuwa mmoja wa wale wasichana wa ziwani. Nimetoka pale hata shavu nimesahau kulishika.

Nikapita sokoni Kashaulili, kwa Bi Mwanaiddi muuza nyuzi. Nimeomba uzi mweupe wa pamba, mwembamba kuliko wote. Kauliza wa kazi gani, mzee wangu. Nimesema wa nyavu. Kasema kwa uzi huu nitavua dagaa mmoja mmoja. Kisha, kwa sauti ya chini, kanionyesha lesi ya kiwandani ya kukata kwa mita, imetoka Dar. Nimepata wazo. Nimenunua vyote viwili.

Ijumaa, 13 Juni

Wazo limekufa.

Lesi ya kiwandani ni nailoni. Niliiloweka kwenye chai ya rangi ili izeeke. Iliingia nyeupe, ikatoka nyeupe. Nikaijaribu kwa maji ya magome, ikashika mabaka. Halafu nikaiweka karibu na lesi yetu, na hapo mimi mwenyewe nikaona aibu. Mawaridi yake yote yanalingana, yamesimama foleni kama wagonjwa wa zahanati. Ya kwetu kila ua lina namna yake ya kuinama, utadhani kuna upepo. Askofu angeijua akiwa bado yuko ndani ya gari.

Emelyne kaichukua, kaitandika juu ya redio. Kasema asante kwa zawadi. Redio imependeza, sina la kusema.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa Padri kasema anataka kuiona alba. Mbele ya watu. Nimemweleza kwamba sakristia ina panya, panya wabaya, kwa hiyo nimeihifadhi mahali pa siri mpaka sikukuu. Padri kaitikia kwa kichwa. Lakini Salvator, hakuna aliyemuuliza, kasema anaingia sakristiani kila wiki kuchukua kitabu cha nyimbo na hajawahi kuona panya.

Kwa nini amesema hivyo? Kwa nini leo? Mtu anayejua kwamba hakuna panya ni mtu anayechunguza.

Sasa nahitaji panya.

Jumatatu, 16 Juni

Nimewakamata ghalani kwetu, wawili, wamenona kwa mahindi mapya. Nimewabeba kwenye kopo la siagi mpaka sakristiani, nikawaachia nyuma ya sanduku, nikawawekea na punje ili wasihame. Kisha nimemwomba Salvator, kwa upole kabisa, anisaidie kuleta mishumaa.

Kaingia. Halafu nikaisikia ile sauti yake nzuri, juu kabisa, nilipoingia amesimama juu ya benchi ameshika viatu mkononi. Nimemwuliza kama sasa ameona. Kasema ameona. Siku nzuri. Nimekula ugali vipande viwili vya ziada.

Jioni Salvator kaleta paka wake sakristiani. Anasema ni msaada. Paka mwekundu, mnene, kakaa juu ya kabati ananitazama kila ninachofanya. Najua paka wa kufukuza panya na najua paka wa kutumwa.

Jumatano, 18 Juni

Kazi imeanza, nyuma ya nyumba, nimejizungushia mkeka.

Mto: gunia nimelijaza makapi ya mpunga, nimeyashindilia mpaka likawa gumu. Vijiti: matawi ya mpera, nimevichonga mwenyewe na kuvilainisha kwa kigae cha chupa. Pini: ziliisha haraka, nikachuma miiba. Sista hakusema miiba, lakini sista hakai Katumba.

Nilikwenda kunywa maji. Kurudi, kuku wote wa Emelyne wako juu ya mto. Wametoboa gunia wanatafuta punje kwenye makapi. Vijiti vimechanganyika, uzi umeviringika mguuni kwa jogoo, na jogoo anakimbia nao kuelekea kwa jirani. Nimemfukuza mpaka kwenye migomba. Jirani kauliza nafanya nini. Nimesema jogoo anaumwa.

Nimeanza upya. Ua la kwanza limetoka kama kiwavi aliyekanyagwa. Emelyne kainua mkeka, kaangalia, kasema, akiniita kwa jina la mtoto wetu, Baba Rénovat, mwambie Padri tu yaishe. Kwa hiyo anajua! Nimemuuliza kaambiwa na nani. Kasema kaambiwa na pua yake. Sijaridhika na jibu hilo.

Jumamosi, 21 Juni

Leo nimegundua kitu, na sikumwambia mtu.

Nilikuwa nafuatisha maua yaliyobaki kwenye alba, moja moja, kwa miwani. Yote yana petali sita. Lakini moja, karibu na mshono wa nyuma mahali ambapo hakuna mtu anayeangalia, lina tano. Nikadhani uzi umekatika. Haukukatika. Yule msichana alikosea, au alichoka, au aliitwa kwenda kuchota maji, akarudi akafunga ua lake hivyo hivyo. Akaendelea. Sista wake hakuona. Maaskofu wangapi na mapadri wangapi wamelivaa ua lile miaka yote hii bila kujua.

Nilikaa nalo muda mrefu. Nilijisikia kama mtu kanishika mkono. Sijui jina lake, na amekwisha kufa zamani, lakini leo asubuhi tulikuwa wawili nyuma ya mkeka ule. Nimeipenda kazi hii. Naandika hivi kwa sababu hakuna anayesoma.

Nimeangalia nyuma ya mkeka kuhakikisha. Hakuna anayesoma.

Jumanne, 24 Juni

Maua yamekubali. Ndege ndiye aliyekataa. Bawa lilikuwa linapinda kila mara, ndege anaonekana kavunjika. Nimefumua, nimefuma, nimefumua. Emelyne kakaa pembeni na kindoano chake anafuma kitambaa, haongei. Mwishowe kasema jozi ya kushoto ninaisokota kinyume. Nimemwambia simwombi ushauri. Alipokwenda kisimani nikaisokota vile alivyosema. Bawa likafunguka.

Ndege amekamilika! Anatazama kushoto, kichwa kimeinama kidogo, sivyo nilivyokusudia, lakini ni ndege na mtoto mdogo angemjua. Nimemtazama mpaka uji ukapoa. Mikono hii imezoea jembe. Mana yanje, Mungu wangu, sikujua kama ina ndege ndani yake.

Sasa swali. Emelyne amejuaje habari ya jozi ya kushoto, na hajawahi kushika kijiti?

Alhamisi, 26 Juni

Nimeshonea kipande changu kwenye alba. Ukisimama mlangoni huoni kitu. Ukisogea unaona ni cheupe zaidi, lakini nani atasogelea miguu ya Askofu?

Kinalegea kidogo, hakisimami kama kile cha zamani. Emelyne kasema nikitie wanga mwepesi sana wa muhogo, basi, kisha nikianike nyumbani. Mwepesi. Kwa nini mwepesi? Anataka kilegee Askofu akinyanyua mguu? Nimepika wanga mzito, uji kabisa wa muhogo, nikaongeza na sukari ili lesi ing'ae, maana nimewahi kusikia kwamba sukari inang'arisha. Nimechovya pindo lote, la zamani na jipya, lisitofautiane. Limekakamaa vizuri mno, linasimama lenyewe.

Nyumbani sikuanika, kuku wapo na jirani wapo. Nimeitundika sakristiani, nikafunga mlango, nikajaribu kitasa mara kadhaa.

Jumamosi, 28 Juni

Wamekula.

Sina nguvu ya kuandika vizuri. Nimefungua mlango asubuhi, nimewakuta wale wale wangu wa ghalani, wametanda kwenye pindo la alba kama wako harusini. Wamekula wanga, na sukari, na uzi ulioshika wanga na sukari. Maua yangu hayapo. Ndege wangu kabaki bawa moja, lile lile la kushoto. Wamekula na maua ya zamani kando yake. Lile la petali tano nimelitafuta kwa miwani. Lipo. Nililia hapo, nasema kweli, nikakaa chini nikalia.

Paka wa Salvator alikuwa amelala juu ya vazi jekundu la misa. Hakuamka hata niliponyanyua sauti.

Na ubaya wenyewe ni huu: panya wamekula kweli, na siwezi kupata huruma mpya, kwa sababu huruma ya panya nilishaipokea tangu wiki ile nyingine. Nani atashtuka sasa?

Emelyne kasema leo ndiyo siku ya mwisho ya kwenda kwa Padri. Anaharakisha sana niende kwa Padri. Sikwenda.

Jumapili, 29 Juni

Baba Askofu kaja. Vumbi, ngoma, vigelegele. Kashuka kwenye gari na begi. Ndani ya begi: alba yake mwenyewe. Ya nailoni! Kavaa hiyo, hakuulizia nyingine, na mimi nimepiga magoti misa nzima nikimshukuru Mungu na watakatifu wote wawili. Ufunguo ulikuwa wa baridi kifuani, nikaushika. Nilijua nimepona.

Baada ya chakula Sista Capitoline kasema sasa aonyeshwe lesi. Padri kanituma. Nilifikiri kukimbilia porini, lakini Salvator alikuwa amesimama njiani na sahani.

Nimeileta. Nimesema haraka, kabla hawajaikunjua, kwamba panya wameila, kama nilivyokwisha kuripoti. Sista kaweka pindo magotini, kalipitisha kwenye vidole polepole. Kasema huku ni meno. Kageuza. Kasema na huku ni moto, uzi una weusi kwenye ncha. Padri kaniangalia. Askofu kaniangalia. Nilitakiwa kujibu kitu. Nimeeleza kwamba inawezekana panya mmoja alikuwa anakokota kaa la moto kutoka jikoni kwa mama mpishi.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wacheke.

Sista hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameona kile kipande cheupe, lile bawa. Kauliza ni nani aliyefuma bawa hili. Swali kama lile, limeulizwa kwa upole, mbele ya Askofu, ni mtego mtupu. Ukikubali bawa umekubali na moto. Kauliza tena. Emelyne, aliyekuwa anakusanya vikombe, kasema ni mume wangu, alifumia nyuma ya nyumba kwa miiba. Sista kanitazama kwa muda, macho yana maji. Kasema bawa liko sawasawa. Kasema hajaona mtu akifuma namna hiyo tangu mwalimu wake afe.

Padri Alois kanivuta pembeni. Kasema kuunguza si kitu, yeye mwenyewe akiwa seminari aliunguza vazi la mkuu wake. Kasema angenisamehe siku ile ile, kabla pasi haijapoa. Lakini panya, Onesphore? Na kaa? Akanyoosha mkono. Nimevua kamba. Ilinaswa kidogo sikioni, akanisaidia kuitoa. Kampa Salvator palepale, na Salvator akaupokea kwa mikono miwili huku anaangalia chini. Kujifanya kwake ni kwa hali ya juu.

Jumatano, 2 Julai

Mkono unakwenda kifuani wenyewe. Unakuta shati. Kengele ya asubuhi, niliyokuwa naipiga mimi, imelia imechelewa, na imelia vibaya. Nimekaa kitandani nikiisikiliza, nimejisikia mgeni katika kijiji nilichofyeka mwenyewe kilipokuwa msitu. Sikwenda shamba.

Sista Capitoline katuma salamu kwamba niende kwake siku za Alhamisi, tuijaze lesi pamoja, atatoa uzi na anataka nimfuatilie yeye mkono kwa mkono kabla hajafa. Emelyne kasema niende. Kasema hajawahi kuniona nimetulia kama nilivyokuwa nyuma ya ule mkeka. Nimemwambia afikirie vizuri. Wanataka nikae na vijiti mbele ya shahidi, ili waone ninavyofuma, walinganishe na bawa, wapate uthibitisho kamili. Kasema lakini uthibitisho wanao tayari, yeye mwenyewe aliusema mbele ya Askofu, na mimi sikuukana. Hiyo ndiyo akili ya wanawake. Siendi.

Jumapili, 6 Julai

Lazima niandike hili sawasawa jinsi lilivyotokea.

Salvator kaja nyumbani baada ya misa. Peke yake, bila viatu vya kung'aa, kavaa ndala. Kakaa kwenye kigoda, kakataa chai, kisha kaipokea. Halafu katoa ufunguo, na kamba yake ile ile, kauweka mezani mbele yangu.

Kasema kaka Onesphore, chukua. Kasema hajawahi kuutaka, mimi nauweza na yeye hauwezi. Kuamka alfajiri kumemshinda, mke wake analalamika, na panya anawaogopa tangu utoto, paka si lolote. Kasema amekwisha kuongea na Padri na Padri amekubali, mradi tu nikubali mimi. Kasema hata siku ile Padri alipotangaza habari ya Askofu alifurahi kwa ajili yangu, maana alba itaonekana. Akausogeza ufunguo karibu zaidi.

Ulikuwa pale. Ningenyoosha mkono tu. Nilitaka kuunyoosha, Mungu anajua nilivyotaka, mpaka vidole viliwasha.

Lakini mimi si mtoto. Mtu anapata kitu kikubwa kuliko vyote kigangoni, halafu anakirudisha, bure, kwa ndala? Kwa nini leo? Kuna nini ndani ya sakristia ambacho anataka nikutwe nacho? Nimemwambia nashukuru, sitaki. Kasihi. Nimesema sitaki. Kasema basi kengele itapigwa na nani. Nimemjibu kwamba hilo yeye na waliomtuma watalijua.

Kasimama na ufunguo mkononi, katazama huku na huku kama mtu aliyeshika mtoto wa wenyewe. Emelyne alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Kauliza kama mwanamke anaruhusiwa. Salvator kasema hajui kwa nini asiruhusiwe. Kauliza kama Padri atakubali. Salvator kasema ataruka kwa furaha. Emelyne kaweka ungo chini, kapangusa mikono kwenye kitenge, kainama, na Salvator akamvisha kamba shingoni. Kisha Salvator akashukuru na kuondoka haraka sana.

Sasa naandika, na yeye yuko jikoni anaimba, ufunguo unagongana na vifungo vya blauzi. Kasema nikihitaji kitu sakristiani nimwambie tu, atanifungulia.

Kumbe! Mambo yote yamenyooka sasa. Aliyetaka kupiga pasi tangu siku ya kwanza ni nani? Aliyenusa moshi ni nani? Aliyejua habari ya jozi ya kushoto, aliyesema wanga mwepesi akijua kabisa kwamba mimi nitatia mzito? Miaka yote hii ninajilinda na Salvator, na adui analala kitandani kwangu, upande wa ukutani!

Kesho akienda kupiga kengele nitamfuata kwa mbali.